Askari wa Zamani Wasio na Nyumba: Kazi Inayofanywa Marekani

Kila mwaka, usiku mmoja kuelekea mwisho wa mwezi wa Januari, watu wa kujitolea katika miji ya Marekani huvaa makoti mazito, hushika kurunzi na kutoka nje kuhesabu watu. Hupita chini ya madaraja, kando ya mito, nyuma ya maduka na katika bustani za mji. Wengine huenda kwenye mabweni ya maskini na kuhesabu vitanda vilivyo na wenyewe. Anayekutwa macho huulizwa maswali machache kwa upole, na moja la maswali hayo ni hili: Je, uliwahi kuwa askari?

Katika hesabu ya mwaka wa 2010, askari wa zamani waliokutwa bila makao walikuwa zaidi ya 74,000. Katika hesabu ya mwaka wa 2024 walikuwa 32,882, na kati yao zaidi ya 13,000 hawakuwa hata na kitanda cha bweni. Walilala nje, au ndani ya magari, au katika mahema. Hesabu ya namna hii si kamili, maana aliyejificha vizuri haonekani, na anayelala sebuleni kwa rafiki hahesabiwi. Lakini kwa kuwa hufanywa kila mwaka kwa njia zinazofanana, yafaa kwa kulinganisha mwaka na mwaka.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika mwaka huo huo wa 2024, watu wote wasio na makao nchini Marekani, askari na raia pamoja, walifika 771,480, nao walikuwa wamezidi kwa asilimia 18 kuliko mwaka uliotangulia. Kodi za nyumba zilikuwa zimepanda katika karibu kila mji. Hivyo, wakati watu wengine wote walipokuwa wakizidi kuanguka, kundi hili moja lilikuwa likipungua. Yafaa kuchunguza ni kitu gani walichofanyiwa ambacho wengine hawakufanyiwa.

Deni la Zamani

Habari ya askari kukosa makao baada ya vita si mpya katika nchi hiyo. Waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyokwisha mwaka wa 1918, walipewa na sheria ya mwaka wa 1924 hati za malipo ya ziada, lakini fedha zenyewe zilikuwa hazitolewi mpaka mwaka wa 1945. Mwaka wa 1929 biashara zikaanguka, viwanda vikafungwa, na watu kwa mamilioni wakakosa kazi. Hati ya fedha za miaka mingi ijayo hainunui mkate wa leo. Basi katika mwaka wa 1932 maelfu ya askari hao, wengine wakiwa na wake na watoto, walisafiri kwa mabehewa ya mizigo, kwa malori na kwa miguu mpaka Washington, mji mkuu. Walijenga vibanda vya mbao na mabati kwenye uwanda wa mto Anacostia, wakaomba walipwe mapema.

Baraza la Wawakilishi lilikubali; Seneti ikakataa. Tarehe 28 Julai jeshi likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur lilikuja na farasi, vifaru na gesi ya kutoa machozi, likawafukuza, na vibanda vyao vikateketezwa kwa moto. Watu wa Marekani waliona picha hizo magazetini, askari akimfukuza askari, nao hawakuzisahau. Malipo yalitolewa mwaka wa 1936.

Kwa hiyo, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikielekea ukingoni, Serikali ilijitayarisha mapema. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria iliyowapa askari waliorudi karo za masomo, posho ya kutafutia kazi, na dhamana ya mkopo wa kununua nyumba au shamba. Mamilioni waliitumia, na mitaa mizima ya nyumba mpya ilijengwa kwa ajili yao. Ni vigumu kuitaja sheria nyingine ya karne ile iliyowainua watu wa kawaida kwa wingi namna hii.

Walakini haikuwainua wote sawa. Serikali ilitoa dhamana, lakini mikopo yenyewe ilitolewa na mabenki, na mabenki yalikuwa na desturi zao. Katika jimbo la Mississippi, mpaka mwaka wa 1947, mikopo 3,229 ilikuwa imekwisha kudhaminiwa. Iliyokwenda kwa askari weusi ilikuwa miwili tu. Leo Wamarekani weusi ni kama asilimia 12 ya askari wote wa zamani, lakini ni yapata thuluthi moja ya wale wasio na makao. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na mtu asiseme kwamba zote zatoka kwenye meza ya karani wa benki wa mwaka wa 1947. Hata hivyo, nyumba ambayo babu alikataliwa kuinunua mjukuu hana pa kuirithi.

Kisha ikaja vita ya Vietnam. Waliotumwa huko walikuwa zaidi ya milioni mbili na nusu. Walirudi mmoja mmoja kwa ndege, si kikosi kwa kikosi kwa meli kama baba zao, na walirudi katika nchi iliyokuwa imegawanyika juu ya vita yenyewe. Ilipofika miaka ya 1980, watu wa miji mikubwa walianza kuwaona wanaume wenye makoti ya kijeshi yaliyochakaa wakilala kwenye milango ya maduka.

Je, Hawana Jamaa?

Msomaji wa huku, aliyezoea kuona kwamba mtu aliyeshindwa na maisha ya mji hufunga mizigo na kupanda basi kurudi kwao, huenda akauliza swali hilo. Jibu ni kwamba jamaa wanao, lakini mara nyingi hawana kwao. Mmarekani aliyezaliwa katika nyumba ya kupanga ya mji mmoja, akahamishwa na jeshi mara tano au sita, akaoa katika mji mwingine na kuachwa katika mji wa tatu, hana kipande cha ardhi cha ukoo kinachomngoja. Ndugu yake naye ni mpangaji, na mkataba wake wa nyumba huenda ukamkataza kumweka mgeni kwa muda mrefu.

Tena si kwamba mtu hutoka vitani leo akalala barabarani kesho. Kwa kawaida miaka hupita, na mara nyingi ni zaidi ya kumi. Kwanza ni usingizi usiokuja, au mgongo ulioumia katika gari la vita. Kisha ni pombe ya kuleta usingizi, au dawa za maumivu ambazo mtu hawezi kuziacha tena. Mke huchoka. Kazi hupotea. Kodi ya mwezi mmoja haikulipwa, halafu ya pili, na siku moja ofisa wa mahakama hubandika karatasi mlangoni. Wako pia wengi ambao hawakuona vita hata siku moja. Walitumika kambini miaka mitatu au minne, wakatoka bila ufundi unaotakiwa uraiani, nao wakaanguka kwa ufukara tu kama raia mwingine yeyote. Yapata mmoja katika kila kumi ni mwanamke, na miongoni mwa wanawake hao wamo wenye watoto, ambao bweni lililojaa wanaume si mahali pao.

Kuna kitu kingine kinachowatenga askari, nacho hakisemwi sana: haya. Mtu aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kulinda wengine huona vigumu kusimama katika foleni ya maskini. Waliofanya kazi hii kwa miaka mingi wanasema kwamba wengi hukataa msaada mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu, wakisema, Mpe mwingine anayestahili zaidi.

Siku Tatu za San Diego

Walioanza kuliona jambo hili kwa macho ya ndani walikuwa askari wenyewe. Katika mwaka wa 1988, katika mji wa San Diego, wapiganaji wawili wa Vietnam, Robert Van Keuren na Jon Nachison, walikusanya wenzao wakapiga mahema ya kijeshi katika uwanja mmoja kwa siku tatu. Waliyapa makutano hayo jina lililotumiwa vitani kwa siku ambazo kikosi hutolewa mstari wa mbele na kupelekwa mahali salama ili kioge, kile chakula cha moto, kitibiwe na kulala. Askari wa mitaani walialikwa, na mamia wakaja. Walikuta maji ya kuoga, kinyozi, nguo safi, daktari, mganga wa meno, na makarani wa kuwajazia fomu.

Mwaka uliofuata, 1989, mahakama ililetwa papo hapo uwanjani. Wengi wao walikuwa na kesi ndogo ndogo: kulala bustanini, kunywa hadharani, kupanda treni bila tikiti. Faini isiyolipwa huzaa hati ya kukamatwa, na mwenye hati ya kukamatwa hathubutu kwenda ofisi yoyote ya Serikali kuomba kitu. Hakimu aliketi kwenye meza ya kukunja, akasikiliza, na badala ya faini akatoa adhabu ya kuhudhuria mafundisho ya kazi au matibabu ya ulevi. Mpango huo ulienea katika miji mingine.

Lakini siku ya tatu jioni mahema yalikunjwa, na mtu aliyeoga na kunyolewa alirudi kando ya barabara ile ile. Walioandaa walilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Ufunguo Kwanza

Kwa muda mrefu desturi ya mabweni na mashirika ya hisani ilikuwa kama ngazi. Mtu alianzia kitanda cha bweni. Akionyesha kwamba ameacha pombe alipandishwa chumba cha watu wanne. Akihudhuria mafundisho na kutii masharti kwa miezi mingi alipandishwa tena. Na juu kabisa, kama hakuteleza, palikuwa na nyumba yake mwenyewe. Ni mpango wenye sura ya haki, na watu wema wengi waliuamini. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa wa akili au mlevi hutakiwa apone kwanza akiwa katika mahali pabaya kabisa pa kuponea. Akiteleza mara moja hurudishwa chini, na wengi walirudishwa mara nyingi hata wakaacha kujaribu.

Mwaka wa 1992, katika mji wa New York, mtaalamu wa mambo ya akili aitwaye Sam Tsemberis aliugeuza mpango huo juu chini. Aliwapa watu wa barabarani, hata wale waliokuwa wagonjwa sana, vyumba vyao wenyewe vya kupanga tangu mwanzo, bila kuwataka wathibitishe chochote, kisha akawapelekea daktari, muuguzi na mshauri huko huko nyumbani. Wengi walidhani vyumba vitaharibiwa na wapangaji watatoroka. Ilionekana kwamba sehemu kubwa yao, yapata wanne katika kila watano, walibaki katika nyumba hizo.

Mwaka huo huo wa 1992, Wizara ya Nyumba na Idara ya Askari wa Zamani ziliungana kuanzisha mpango wao kwa askari. Ulikuwa mdogo, na kwa miaka mingi haukuongezwa. Mwaka wa 2008, wakati askari wa vita vya Iraki na Afghanistani walipokuwa wakirudi kwa wingi, Kongresi iliuamsha tena kwa fedha za nyumba karibu 10,000, ikaendelea kuongeza karibu kila mwaka hata jumla ikapita 100,000. Mwaka wa 2009 Rais Barack Obama na Waziri Eric Shinseki, ambaye mwenyewe alijeruhiwa Vietnam, walitangaza kwamba wanataka kukomesha kabisa ukosefu wa makao wa askari kufikia mwaka wa 2015. Shabaha hiyo haikufikiwa, lakini fedha zilifuata maneno, jambo ambalo si la kila siku katika serikali yoyote.

Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Askari hupewa hati ya kodi. Yeye mwenyewe hutafuta nyumba kwa mwenye nyumba wa kawaida, popote mjini, na hulipa kiasi cha asilimia 30 ya mapato yake. Kinachobaki hulipwa na ofisi ya nyumba ya mahali pale moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Kama askari anapata dola 900 kwa mwezi na chumba ni dola 1,200, yeye hutoa kama dola 270, na ofisi hutoa 930. Pamoja na hati hiyo, Idara ya Askari wa Zamani humpa ofisa wa ustawi wake mwenyewe. Ofisa huyo humtembelea, humkumbusha siku ya daktari, humsaidia kuomba malipo ya ulemavu, na mwenye nyumba akilalamika juu ya kelele za usiku, ndiye anayepigiwa simu kabla ya wakili.

Sehemu hii ya pili ndiyo watu wa nje huidharau. Mtu aliyelala nje miaka minane hakosi paa tu. Wako waliopewa chumba wakalala sakafuni kwa wiki kadhaa kwa kuwa kitanda kimekuwa kigeni kwao. Wako walioshindwa na ukimya wa nyumba, wakawaita rafiki zao wa barabarani waje kulala, hata mwenye nyumba akawafukuza wote. Bila mtu wa kubisha hodi, ufunguo peke yake unaweza kurudi mikononi mwa mwenye nyumba kabla ya mwaka kwisha.

Karatasi Moja

Ili kupata lolote katika hayo, askari hutakiwa athibitishe kwamba alikuwa askari. Uthibitisho wenyewe ni hati ya kuachishwa jeshi, ambayo makarani wa huko huiita kwa nambari yake, DD 214. Ndani yake mna tarehe za kuingia na kutoka, cheo, na aina ya kuachishwa: kwa heshima, au vinginevyo. Ni karatasi ndogo, na mtu anayehamahama na mfuko mmoja huipoteza kwa urahisi. Huibwa pamoja na mfuko, au hulowa mvua, au huchukuliwa na lori la taka siku polisi wanapoondoa mahema.

Nakala huombwa katika nyumba ya kumbukumbu za jeshi karibu na mji wa St. Louis. Lakini tarehe 12 Julai 1973 nyumba hiyo ilishika moto, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Katika majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya mwaka wa 1912 na 1960, yaliyoungua ni kama asilimia 80, wala hapakuwa na nakala mahali pengine. Tangu siku hiyo makarani wamekuwa wakijenga upya historia ya mtu kutoka kwenye orodha za mishahara, vitabu vya hospitali na barua za zamani. Mzee aliyepigana Korea huenda akangoja kwa muda mrefu kwa ajili ya kosa ambalo si lake wala si la karani.

Gumu zaidi ni jambo la aina ya kuachishwa. Aliyefukuzwa jeshini kwa ulevi au utovu wa nidhamu amenyimwa kwa miaka mingi sehemu kubwa ya msaada, ijapokuwa mara nyingine ulevi huo ulikuwa ndiyo dalili ya kwanza ya maradhi aliyoyapata vitani. Mtu huyu hutakiwa aombe cheti chake kibadilishwe, na maombi hayo yanataka wakili, mashahidi na saburi.

Orodha ya Majina

Fedha zilipoongezwa, ilionekana kwamba fedha peke yake hazitoshi. Katika mji kama Houston palikuwa na mashirika mengi, kila moja na bweni lake, fomu zake na orodha yake ya wanaongoja. Mtu mmoja aliweza kuandikwa katika ofisi nne na kusahauliwa katika zote nne. Katika miaka iliyofuata 2011 mashirika hayo, pamoja na mji na Idara ya Askari wa Zamani, yalikubali kutumia orodha moja yenye majina. Si idadi, bali majina: fulani, umri wake, anapolala, maradhi yake, karatasi anayokosa, na nani anayewajibika kumtafuta wiki hii. Waliohatarika zaidi waliwekwa juu. Maofisa walikutana kila mara na kupitia orodha jina kwa jina, na aliyeshindwa alitakiwa aeleze kwa nini.

Kazi ya namna hii haina fahari. Haipigwi picha. Lakini mpaka mwezi wa Juni 2015, Meya Annise Parker alipotangaza kwamba mji umefaulu, askari zaidi ya 3,600 walikuwa wamekwisha kuingizwa katika nyumba kwa muda wa miaka mitatu na kidogo. New Orleans, mji mdogo kuliko Houston, ulikuwa umetangulia: mwezi wa Januari mwaka ule ule Meya Mitch Landrieu alitangaza kwamba askari 227 wamepata nyumba, na kwamba hapana askari aliyetaka nyumba akaikosa. Jimbo zima la Virginia lilifuata mwezi wa Novemba.

Maneno hayo yaeleweke sawasawa. Hayana maana kwamba hapana askari hata mmoja anayelala nje katika miji hiyo. Kila wiki mtu mwingine huanguka. Maana yake ni kwamba akianguka huonekana mapema, na nyumba yake hupatikana kwa wiki kadhaa, si kwa miaka. Tena haifai kusahau kwamba Houston una vyumba vingi vya kodi nafuu kuliko miji ya pwani ya magharibi. Aliye na hati ya kodi huko hupata mlango wa kubisha.

Kuna mpango mwingine, uliowekwa na sheria ya mwaka wa 2008 na kuanza kazi mwaka wa 2011, ambao ni kwa wale walio ukingoni lakini hawajaanguka, au walioanguka juzi tu. Huu hautoi nyumba ya miaka mingi. Hulipa malimbikizo ya kodi ya miezi miwili, au amana ya chumba kipya, au gharama ya kutengeneza gari ambalo mtu huendea kazini, na humpa mshauri wa kuzungumza na mwenye nyumba. Katika mwaka mmoja wa fedha, uliokwisha Septemba 2024, Idara ya Askari wa Zamani kwa mipango yake yote iliwaingiza katika nyumba za kudumu askari zaidi ya 47,000. Msomaji akiilinganisha namba hii na ile 32,882 ya hesabu ya Januari, ataona kwamba watu wanaoanguka na kuinuliwa ndani ya mwaka ni wengi kuliko wanaoonekana kwa usiku mmoja.

Yasiyofaulu

Hati ya kodi si nyumba. Katika miji yenye kodi kubwa, askari huzunguka nayo mfukoni kwa miezi, akiambiwa kila mlango kwamba chumba kimekwisha chukuliwa, mpaka muda wa hati unapita. Maofisa wa ustawi nao ni wachache, na hati nyingine zimekaa ofisini kwa sababu hapana ofisa wa kumsimamia atakayepewa. Katika mwezi wa Julai 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuuacha mpango wa nyumba kwanza katika msaada wa Serikali kwa watu wasio na makao, akitaka matibabu yatangulie. Mabishano juu ya ngazi na ufunguo, ambayo wengi walidhani yamekwisha, yamefunguliwa upya.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo yafaa itajwe kwa ugeni wake. Nyumba nyingi za kodi nafuu zilijengwa kwa masharti kwamba mpangaji asiwe na mapato ya kupita kiasi fulani, na malipo ya ulemavu yalihesabiwa kuwa mapato. Aliyeumia kidogo alilipwa kidogo, akaruhusiwa kuingia. Aliyepoteza miguu alilipwa zaidi, akaambiwa kwamba ni tajiri mno kwa nyumba iliyojengwa kwa ajili ya askari walemavu. Kanuni hiyo iliachwa na Wizara ya Nyumba mwezi wa Agosti 2024, baada ya miaka mingi ya malalamiko.

Mahali pabaya kuliko pote ni Los Angeles, na ubaya wake hautokani na ukosefu wa ardhi. Mwaka wa 1888 Bibi Arcadia Bandini de Baker na Seneta John P. Jones waliipa Serikali kiwanja kikubwa upande wa magharibi wa mji huo, kwa sharti kwamba kiwe makao ya askari walemavu. Makao yakajengwa. Palikuwa na mabweni, hospitali, na kanisa lililojengwa mwaka wa 1900, na maelfu ya wazee wa vita waliishi humo. Katika miaka ya 1970 makao hayo yaliachwa. Majengo yakachakaa, na sehemu za kiwanja zikakodishwa: chuo kikuu kikapata uwanja wa besiboli, shule ya watu binafsi ikapata viwanja vya michezo, na kampuni moja ikachimba mafuta. Nje ya ua wa kiwanja hicho, askari wa zamani walipanga mahema yao kando ya barabara, yamefunikwa kwa bendera za taifa, wakitazama ndani.

Mwaka wa 2011 askari walikwenda mahakamani. Mwaka wa 2015 Serikali ilipatana nao, ikaahidi kujenga nyumba, na mpango uliotolewa ulitaja nyumba 1,200. Miaka ilipita, na zilizokamilika zilikuwa sehemu ndogo tu. Mwaka wa 2022 wakashtaki mara ya pili. Jaji David O. Carter, aliyewahi kupigana Vietnam na kujeruhiwa huko, alisikiliza kesi hiyo, akakitembelea kiwanja kwa miguu yake, na mwezi wa Septemba 2024 akaamua kwamba Serikali imevunja wajibu wake. Aliamuru zijengwe nyumba 750 za muda na nyumba 1,800 za kudumu juu ya zile zilizoahidiwa, na akatangaza kwamba mikataba ya uwanja wa besiboli, shule na visima vya mafuta si halali. Serikali ilikata rufani.

Mwezi wa Mei 2025, kesi ikiwa bado katika rufani, Rais Trump alitoa amri ya kufanya kiwanja hicho kuwa makao ya taifa yenye nafasi ya askari wasio na nyumba mpaka 6,000. Tarehe iliyoandikwa katika amri hiyo ni 1 Januari 2028, miaka 140 tangu kiwanja kilipotolewa.